Mwembamba ndiye aliyekutwa na lehemu

Mimi nina kilo 94. Mdogo wangu hafiki 60, na suruali anaifunga kwa kipande cha kamba ya nyavu. Siku tulipopanda daladala pale Kirumba kwenda kupima, mgonjwa alikuwa anajulikana: mimi. Yeye alinisindikiza tu, nikamsukuma naye atoe damu kwa kuwa foleni tulishaipanga.

Majibu yakatoka. Lehemu yangu, yaani kolesteroli, yale mafuta ya kwenye damu, haina shida, sukari ndiyo iko mpakani. Yake, ile mbaya iitwayo LDL, ilisoma 6.8 (kwa kipimo cha mmol/L). Mtu mzima akifika 4.9 tu, daktari anaanza kuulizia ukoo.

Akauliza. Baba alifia wapi, akiwa na miaka mingapi? Miaka 47, mwaloni, akishusha dagaa. Baba mkubwa? 51, usingizini. Kwetu vifo hivyo vilishapatiwa mchawi zamani, na jirani mmoja ilibidi ahame. Daktari hakubishana. Alimwambia mdogo wangu avue kandambili, akambonyeza kwa kidole gumba nyuma ya kisigino, kwenye ile kano nene. Palikuwa na kinundu kigumu kama punje ya hindi. Miaka yote tulidhani ni sugu. Kumbe ni lehemu imejikusanya humo.

Nilivyoelewa ni hivi. Ini lina vipokezi vinavyonasa lehemu kutoka kwenye damu, kama ndoana. Ukirithi jeni yenye hitilafu kwa mzazi mmoja, ndoana hizo zinapungua na lehemu inabaki ikizunguka tangu utotoni. Ina hali hiyo takriban mtu 1 kati ya 250, na kila mtoto wake anaweza kuirithi, nusu kwa nusu. Wembamba haukingi. Kupunguza vya kukaanga kunasaidia ila hakutoshi, ndiyo maana sasa anameza statini, dawa ya kushusha lehemu, kila jioni.

Kinachoniuma ni kwamba miaka miwili kabla alikwenda zahanati fulani akilalamika kifua kinambana. Akaambiwa mwembamba kama yeye hana lehemu, akarudi na dawa ya vidonda vya tumbo.

Na mimi mnene? Nilitaka sana kusingizia ukoo. Ipo kweli jeni iitwayo FTO, ambayo mwaka 2007 watafiti waliihusisha na unene. Inagusa hamu ya kula. Waliorithi aina yake ya kunenepesha kwa baba na kwa mama, wastani wamezidi wenzao kama kilo 3. Tatu! Jeni nyingine zenye mchango mdogo mdogo ni nyingi, sikatai, lakini soda yangu ya kila mchana haimo kwenye jeni.

Kwa hiyo usiangalie kitambi, hesabu makaburi. Kama kwenu kuna mwanaume aliyepatwa na ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 55, au mwanamke kabla ya 60, nenda kapime lehemu hata kama mbavu zinahesabika. Ikionekana umerithi, wapeleke na watoto wangali wadogo. Wa mdogo wangu ana miaka tisa, tunampeleka mwezi huu.

Na wapigie simu ndugu. Mimi nilianza na shangazi yetu wa Ukerewe. Alinisikiliza kimya, kisha akasema, "Subiri kwanza nishike kisigino." Nikasikia kiti kinasogea.

"Cha kushoto kipo," akasema.