Mwizi hatumii mlango: kwa mnaoanza kufuga kandokando ya ziwa

Kila mwaka naona sura mpya huku kwetu upande wa Kayenze. Mtu wa mjini kanunua eneo, kachukua mbuzi kumi mnadani, kaajiri kijana wa kuchunga, kisha karudi zake Mwanza kazini. Wiki ya kwanza ananipigia simu kuuliza dawa ya minyoo. Mwezi wa tatu ananipigia saa kumi na moja alfajiri, na hapo najua si habari ya minyoo. Nawaandikia mapema, kabla ya hiyo simu ya alfajiri.

Nianze na yaliyonikuta mimi. Mwaka wangu wa pili nilikuwa na mbuzi kumi na wanne na banda la tofali mbichi. Mlango wake niliuonea fahari: wa chuma, komeo mbili, na kufuli ambalo fundi aliniambia hata msumeno utalichoka. Asubuhi moja nikalikuta kufuli mahali pake, limefungwa vizuri. Nikafungua. Ndani kulikuwa na mbuzi watatu wamejikunyata kwenye kona. Ukuta wa nyuma ulikuwa na tundu la kumtosha mtu aliyeinama. Nilipoligusa, udongo ulikuwa umelowa chepechepe, na mvua hatukuwa tumeiona kwa wiki tatu. Walikuwa wameumwagia ukuta maji kidogo kidogo, tofali likalainika kama uji, wakalichokoa bila mlio wowote. Dumu la lita tano walilotumia walilitupa pale pale. Lilikuwa langu, la kunyweshea ndama.

Tulizifuata nyayo na majirani. Zikashuka hadi kwenye matete, zikaishia majini, pale palipobaki alama ya mtumbwi uliovutwa. Huku ziwani mwizi hahitaji barabara wala kizuizi cha polisi. Akishapiga kasia dakika ishirini, hujui kama ameelekea Ukerewe au mwalo wa jirani.

Kilichoniuma kuliko mbuzi ni mbwa. Nilimkuta mzima wa afya, anatikisa mkia. Hakubweka usiku ule kwa sababu aliyekuja alikuwa anamjua. Na mwezi uliotangulia nilikuwa nimemwachisha kazi kijana mmoja, akiwa ananidai mshahara wa miezi miwili. Sikuwahi kuthibitisha kwamba ni yeye, na sitasema ni yeye. Lakini aliyekuja alijua dumu linakaa wapi, alijua ukuta upi ni mbichi, na mbwa alimpokea kama mwenyeji.

Kwa hiyo jambo la kwanza si kufuli. Mlipe mchungaji wako. Mkiandikiana ni mshahara, mpe tarehe ile ile kila mwezi, hata kama wewe umekopa. Mkikubaliana mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa, mwisho wa mwaka, mwonyeshe mtamba wenyewe tangu mwanzo, usije ukamchagulia aliyekonda siku ya kuondoka. Ukimwachisha kazi, mmalize hesabu mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, kisha badilisha mbwa anapolala, badilisha ufunguo unapokaa, badilisha hata saa ya kuamka. Kijana anayelala na njaa karibu na mali yako ya milioni tatu hana sababu ya kupiga kelele usiku.

Banda lijengwe kwa kilichopo. Mwanza hatuna shida ya mawe. Mji wenyewe umekaa juu ya mawe. Panga mawe na saruji kutoka chini hadi usawa wa kiuno, tofali zako mbichi zianzie hapo. Paa lifungwe na ukuta kwa waya mzito, maana wapo wanaonyanyua bati badala ya kutoboa. Uzio wa minyaa wazee wetu wa Kisukuma waliutumia miaka mingi na bado unafaa, ila ukiukata angalia macho, utomvu wake unaweza kukupofusha. Taa ya sola usiielekeze mlangoni kwako. Iweke nyuma ya banda, imwangaze anayekuja, wewe ubaki gizani ukimwona. Hili nimelisema mara nyingi na bado kila nikienda kwa mtu nakuta taa imening'inia barazani inamwangazia anapokunywa chai.

Mbwa azoeshwe kula kwenye chombo chake na kwa mkono wa mtu mmoja, kwa sababu nyama yenye sumu hurushwa kabla ya mwizi mwenyewe kufika. Na fuga kanga. Watu wanacheka nikisema hivi. Kanga halambi mkono wa mtu, hana rafiki, na akishtuka usiku kitongoji kizima kinajua.

Kuhesabu. Simama mlangoni wakati mifugo inaingia, wewe mwenyewe ukiwepo, na uandike kwenye daftari. Ukiwa mjini, kijana akupigie video ikiingia mmoja mmoja. Kila mnyama mpige picha pande zote mbili, pembe, na masikio. Wafugaji wa hapa wanamjua ng'ombe kwa rangi na pembe hata wakimwona kwenye kundi la mia mbili. Wewe mgeni huna jicho hilo bado, tumia simu. Heleni zivishwe. Sheria ya utambuzi wa mifugo ipo tangu mwaka 2010, na kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi iliyozinduliwa Bariadi Juni 2025 imeleta heleni za kielektroniki, kwa hiyo mwone afisa mifugo wa kata akuandikishe. Heleni hunyofolewa, najua, mwizi anakata sikio lote. Lakini ng'ombe mwenye kidonda kibichi cha sikio mnadani ni maswali, na maswali ndiyo mwizi asiyoyataka.

Sasa nije kwenye lile linalouma zaidi ya wizi, yaani mtu kumdhuru mnyama kusudi. Nimeona ng'ombe aliyekatwa mkano wa mguu wa nyuma kwa panga. Anajaribu kusimama, kiuno kinashuka, anajaribu tena. Hakuna cha kumfanyia zaidi ya kumchinja. Mwenye ng'ombe alilia, na alikuwa na haki ya kulia. Ila tulipokaa na wazee ikajulikana kwamba ng'ombe wale wale walikuwa wameingia kwenye jaruba la mpunga la mtu mara tatu msimu ule, na mara zote tatu mwenye ng'ombe alijibu "tutaongea". Hawakuwahi kuongea.

Kuua au kujeruhi mnyama wa mtu kwa makusudi ni kosa la jinai, na aliyefanya anastahili kushtakiwa. Lakini ng'ombe wako akila mpunga wa mtu asubuhi, jioni uwe umeshafika kwake na mtu wa kushuhudia, mmekadiria hasara, na umelipa au mmeandikiana siku ya kulipa. Usitume kijana. Nenda mwenyewe, umwamkie, ukae, ndipo useme. Debe mbili za mpunga ni bei ndogo mno ukilinganisha na ng'ombe. Na usilishe kwenye ngitili, yaani malisho waliyoyatenga watu, bila ruhusa, hata kama hujaona mtu, wenyewe wanakuona.

Kisha kuna sumu, na hapa nawaomba mnisikilize taratibu.

Mwaka juzi mtamba wangu alikufa ghafla saa tisa alasiri. Aliondoka asubuhi mzima, akarudi anapepesuka, anahema kwa nguvu, akaanguka, akafa. Nilikuwa na ugomvi wa mpaka na jirani. Kabla mzoga haujapoa nilikuwa nimeshamhukumu moyoni, na watu wawili walikuwa wameshanisikia nikitaja jina lake. Afisa mifugo alipofika kwanza alizunguka mzoga bila kuugusa. Akaangalia pua, mdomo na sehemu ya haja. Nikamuuliza anatafuta nini. "Kimeta," akasema, ule ugonjwa unaoambukiza hadi watu. "Ningeona damu nyeusi isiyoganda ikitoka, hapa hakuna mtu angepasua. Tungefukia." Aliporidhika akavaa glovu, akapasua. Damu ilikuwa nyekundu ya kung'aa, na tumboni kumejaa majani ya mtama. Alimgeukia mchungaji tu, hakusema neno. Kijana akainama: mvua ilikuwa imenyesha, mabua yaliyovunwa yakachipua upya, naye akawaachia ng'ombe waingie kwa sababu palikuwa na ubichi. Machipukizi ya mtama yana sumu inayozuia mwili kutumia hewa, na huua upesi.

Ilinibidi niende kwa jirani kuomba radhi kwa neno ambalo yeye mwenyewe alikuwa hajalisikia bado. Alicheka. Angeweza asicheke.

Vifo vingi mtakavyoviita sumu ya adui vitakuwa vya namna hii. Ng'ombe hula mbolea ya urea mfuko ukiachwa wazi. Kuna anayekata dumu la dawa ya pamba akaligeuza chombo cha kunyweshea mbuzi. Kuna anayechanganya dawa ya kuogeshea kwa kukisia. Kuku wakifa wote ndani ya siku nne, shingo zimepinda na kinyesi kijani, fikiria kideri kabla hujamfikiria mke mwenza wa mtu; chanjo yake ni ya matone, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Na huku Usukumani hili la kushukiana uchawi si mchezo. Kumekuwa na vikongwe waliokatwa mapanga kwa sababu mifugo au mtoto wa mtu alikufa, na macho yao mekundu, mekundu kwa moshi wa kupikia miaka hamsini, yakachukuliwa kuwa ushahidi. Usiende kwa mganga kuuliza nani. Mwite afisa mifugo umuulize nini.

Ikiwa ni sumu kweli, mara nyingi utaona mate yanamchuruzika, machozi, kuharisha, misuli inatetemeka. Piga simu haraka, ziko dawa zinazosaidia daktari akiwahi. Akifa, msile nyama wala msiitupe ziwani. Hifadhi chakula kilichobaki, maji ya kwenye chombo, na alichotapika mbwa kama naye amekufa. Afisa atachukua sampuli; maabara ya veterinari, TVLA, ina kituo Mwanza, na Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya kanda hapo hapo. Bila kipimo unabaki na hasira tu, na hasira polisi hawaifungulii jalada.

Wezi wakija usiku, usitoke peke yako na rungu. Piga yowe, piga filimbi, washa taa zote. Sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, walianzia huku huku Usukumani na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa ajili ya wezi wa ng'ombe hasa, na sheria ikawatambua mwaka 1989. Mgeni asiyetoa mchango wala kufika zamu ya ulinzi hushangaa yowe lake likiitikiwa polepole. Jiandikishe wiki unayohamia. Mwizi akikamatwa apelekwe kituoni akiwa hai; mkimuua, kesi inageuka, na mbuzi hutawaona tena kwa sababu aliyejua walipo hayupo.

Asubuhi yake usikae kupokea pole. Chukua RB polisi, yaani namba ya taarifa uliyoripoti, mjulishe mtendaji, tuma zile picha kwa watu wa minada, kuanzia Nyamatala kule Misungwi, na kwenye mialo. Mbuzi wengi hawafiki mnadani kabisa: hupakiwa kwenye bodaboda ndani ya viroba au huchinjwa porini, ukakuta kichwa na utumbo tu. Kwa hiyo pitia na mabucha, kwa adabu, usimtuhumu muuza nyama. Muulize tu kama kuna aliyemletea nyama alfajiri isiyo na muhuri.

Wiki iliyopita kanga walilipuka saa nane usiku. Nikapiga filimbi, jirani yangu wa mpakani akatoka na tochi, wengine wanne wakafuata, mmoja kajifunga shuka tu. Tukazunguka banda la kuku. Alikuwa kicheche, ameshaua matetea wawili, akatukodolea macho kisha akatokomea chini ya ubao wa pembeni. Jirani alikaa nikamchemshia chai. Asubuhi tukaziba lile tundu kwa jiwe na saruji iliyobaki kwake.