Ndege ilichelewa, ya pili ikaniwacha

SWALI: Shikamoo mjomba. Juzi nilikuwa naenda Kisumu kupitia Nairobi, ndege ya saa nane mchana pale uwanja wa Moi, Mombasa, tukaambiwa dakika arubaini, mara saa nzima, mara kimya, mpaka saa kumi na moja ndo twaitwa, nami nina mtoto mapajani na mahamri ya asubuhi yashakuwa mawe. Kufika Nairobi ya Kisumu ishaondoka. Tiketi nilikata mbali mbali kwa sababu ya bei, wakanambia nilipe upya. Nimeonewa?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Kilokuponza ni hizo tiketi mbili, maana kwa kompyuta zao safari ya pili haina habari na ya kwanza. Ungekata bukingi moja ungewakaba wakupangie nyingine, hata kama ni ikonomi ya bei ya chini. Na hizi jeti ndogo kama Embraer 190, zile za viti viwili viwili (hakuna kubanwa katikati, hapo nazisifu), hupiga tripu kadhaa kwa siku, ikikwama moja asubuhi basi za mchana zote zasukumana nyuma, kama matatu za Likoni feri ikiharibika. Siku nyengine panda ya alfajiri. Kwa sasa tafuta ile bodingi pasi, uwaandikie ile kampuni ya kwanza imeili uwaulize sababu, wakujibu kwa maandishi, simu husahaulika. Na mahamri beba ya moto kwenye hotipoti, hiyo yapita sekyuriti bila neno.