Fuoni au Mji Mkongwe?

Dada, unahamia Unguja kutoka Wete, una watoto wawili na kazi Malindi ya hapo Mji Mkongwe, unasita baina ya Fuoni na Mji Mkongwe. Fuoni, nje ya mji, utapata uwanja watoto wacheze, lakini asubuhi daladala zinakuja zimeshajaa. Mji Mkongwe kazini utakwenda kwa miguu. Tabu ni kuta za mawe na chokaa. Nilikaa huko: ukuta mmoja niliupaka rangi mara tatu, na kila masika unabambuka. Tena mji wa urithi huo, hata dirisha hulibadilishi bila kibali.

Mimi ningeangalia Michenzani, yale majumba ya msaada wa Ujerumani Mashariki. Soko la Darajani lipo karibu. Ila uliza maji yanafika ghorofa ya ngapi. Ndoo utazipandisha wewe.