Angalia maji ya ndoo, achana na dosie

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Likasi ameniandikia: "Mama, nimepata kontra (mkataba) ya usafi wa biro (ofisi) mbili lakini wafanyakazi wananitesa. Wewe wako unawatoaga wapi?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Siku hiyohiyo nilikuwa nimepita mbele ya jengo moja hapa Lubumbashi, jengo nililolisafisha miaka minne, nikaona wasichana wangu watatu wanatoka wamevaa sare ya kampuni nyingine. Wakanisalimia vizuri: "Jambo mama." Nikaitikia.

Habari ya kuandikisha kampuni yangu ya usafi naiacha, inachosha. Nilianza na ndoo tatu, raklete mbili (zile za mpira za kukokota maji sakafuni) na mdogo wangu. Kontra ya kwanza ilipoingia, kila mtu akaniletea mtoto wake. Pasta akaleta mpwa wake: kijana msafi, diploma anayo, Kifaransa kimenyooka. Sikumwuliza hata swali moja la kazi. Unamwulizaje mpwa wa pasta?

Nikampeleka kwenye biro yenye granito, ile sakafu ya nyumba za zamani za katikati ya mji. Choo kilikuwa na doa la manjano. Akachukua asidi, akamwaga chooni, iliyobaki akaimwaga kwenye korido "ing'ae". Povu jeupe likapanda. Ndani ya granito mna vipande vya marmari, na asidi inakula marmari kama mchwa. Alipoona povu akaogopa, akamwagia javeli, ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, juu yake. Hapo ikatoka hewa inayoziba koo, watu wakakimbilia nje wanakohoa, machozi yanatiririka. Bahati madirisha yalikuwa wazi. Korido ilibaki na mabaka kama chaki, na kuipiga polishi upya kulikula pesa yangu ya miezi mitatu. Pasta aliniambia nisamehe. Nimesamehe, lakini mpaka leo nikiona granito tumbo linauma.

Tangu siku ile dosie, yaani karatasi za kuombea kazi, naisoma mwisho. Anayeomba kazi anakuja kwangu na kadi yake ya uchaguzi tu, ndiyo kitambulisho. Nampa ndoo mbili, torsho (kitambaa cha kupangusia) na chumba kimoja, halafu naenda kunywa chai. Mwezi wa nane ndio mzuri kwa mtihani huu, maana vumbi letu jekundu linaingia hata kwenye kabati lililofungwa. Nikirudi siangalii katikati ya chumba, huko kila mtu anapangusa. Naangalia nyuma ya mlango, kisha maji ya ndoo. Yakiwa mekundu kama matope na mtu bado anachovya torsho, huyo hasafishi, anapaka rangi. Bomba langu liko nje, mbali kidogo. Anayelifuata mara tatu bila kuambiwa, huyo namwuliza anaishi wapi.

Na hilo la kuishi wapi msilidharau. Mtu wa Kamalondo, mtaa wa karibu, anafika mjini kwa miguu. Mtu wa Ruashi, huko mbali, saa kumi na moja asubuhi, mvua ya Januari inapiga, mshahara wake nusu unaishia kwenye takisi. Usipomlipia transpo (nauli) atachelewa, na si kosa lake.

Lakini mfanyakazi wangu bora ni mama wa hukohuko Ruashi. Hajui kusoma. Siku ya mtihani alifungua chupa mbili, akazivutia harufu kwa kiganja kwa mbali, akauliza: "Mama, hii na hii zinapatana?" Nilitaka kumkumbatia. Sasa chupa zangu zote zina utepe, nyekundu kwa asidi, buluu kwa javeli.

Turudi kwa wale watatu. Msimamizi wangu, niliyemfundisha mwenyewe, aliondoka nao, akaenda kwa mteja na bei ya chini. Miezi mingi nilimwita mwizi. Ila alichowaambia ni hiki: "Huyu mama hajawaandikisha CNSS." Na ni kweli. CNSS ndiyo mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii; asilimia 13 ya mshahara anayolipa mwajiri na 5 ya mfanyakazi niliziona mzigo, nikasema mwaka kesho. Mishahara pia niliichelewesha mara mbili, eti mteja hajalipa. Kwani mwenye nyumba wao anamjua mteja?

Kwa hiyo vijana, lipeni tarehe mliyosema. Andikeni kontra tangu siku ya kwanza. Sheria ya kazi ya Kongo ya 2002 inakupa mwezi mmoja tu wa kumjaribu mtu asiye na ufundi, usimfanye "wa majaribio" mwaka mzima. Usichukue mtu kwa sababu mnasali pamoja. Na maji, jamani, angalieni maji!

Juzi usiku mmoja wa wale wasichana ameniandikia: "Mama, kazi iko?" Nimemjibu aje Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, na fotokopi ya kadi kwa ajili ya CNSS. Kazi yake naijua vizuri, lakini ndoo mbili atazikuta mlangoni.