Diski na pedi za breki za Subaru WRX

Kaka, umeuliza kama diski zenye matundu zinafaa kwa WRX yako ya kazini na safari za Bagamoyo. Achana nazo, zikichemka sana hupasuka kuanzia kwenye yale matundu. Chukua za kawaida, zenye njia ya hewa katikati, ubadilishe kushoto na kulia pamoja. Kabla ya kwenda kununua spea Gerezani, pima kipenyo cha diski ya zamani: WRX nyingi mbele ni milimita 294, STI (WRX yenye nguvu zaidi) nyingi zenye breki za Brembo ni 326, haziingiliani. Pedi za mashindano hazishiki mpaka zipate moto, na taa za Magomeni hazikusubiri. Ukishafunga, zizoeshe pedi na diski mpya: kwa breki, shusha mwendo toka kilomita 60 kwa saa hadi 20, mara kumi hivi, bila kusimama kabisa. Mimi niliruka hatua hiyo, usukani ukatetemeka kila nikikanyaga breki.