Ukoko wa kaboni kwenye chemba: brashi yangu ilikuwa inapita hewani

Kwa miaka kadhaa nilijihesabu kuwa mtu msafi wa bunduki. Nikirudi mawindoni, hata viatu sijavua, mdeki, ule ufito wa kusafishia, uko mkononi, na bunduki haiingii kabatini mpaka tambara la mwisho litoke jeupe. Kwa hiyo siku bolti, lile komeo la nyuma ya bunduki, ilipogoma kunyanyuka baada ya risasi ya pili, nililaumu risasi. Nikafungua boksi jingine, ikagoma vilevile. Safari hii ilibidi niupige mkono wa bolti kwa kiganja. Ganda likatoka kwa shida, limejaa masizi mpaka begani, pale linapoanza kupungua kuelekea shingoni, na fataki ya kitakoni, ile inayowasha baruti, imelala bapa kama iliyopigwa pasi. Hapo nikaacha, nikafunga virago.

Fundi niliyempelekea hakuuliza habari za risasi kabisa. Alimulika chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, kwa tochi ndogo, akanyamaza kidogo, kisha akataka kuona brashi ninayotumia. Nikamtolea kwa fahari. Akaichomeka ndani ya chemba na kuizungusha kwa vidole viwili, ikawa inacheza mle bila kugusa popote. "Hii haijawahi kufika hapa," akasema.

Nilipokaa na kupiga hesabu niliona aibu. Bunduki yangu ni ya risasi za .308. Kichwa cha risasi yake kina kipenyo cha milimita 7.82, lakini ganda, karibu na kitako, lina kama milimita 12. Brashi iliyotengenezwa kubana ndani ya kasiba, yaani mtutu, inapita kwenye chemba kama mtu anayepita ukumbini. Miaka yote ile nilikuwa nasafisha kasiba na kuiachia chemba harufu ya dawa.

Sasa, ukoko wenyewe hukaa wapi? Ule wa kwenye kuta za chemba ni masizi yanayopenya pembeni mwa ganda. Ganda la shaba hutanuka risasi inapolipuka na kuziba njia, lakini risasi zenye msukumo mdogo hazilitanui vya kutosha, na maganda ya chuma huziba vibaya zaidi kuliko ya shaba. Huo husumbua, ila hutoka bila vita kubwa.

Unaotesa ni ule wa mbele, pale mdomo wa ganda unapoishia kabla ya mifuo ya kasiba, ile mitaro inayozungusha kichwa cha risasi, kuanza. Ganda huwa fupi kidogo kuliko nafasi yake, kwa hiyo panabaki pengo jembamba, na moto wa baruti hulipiga pengo hilo kila unapofyatua. Masizi hushindiliwa pale kwa joto na nguvu mpaka yanakuwa pete ngumu, zaidi ya ukoga wa meno. Pete ikinenepa, mdomo wa ganda unabanwa na hauwezi kufunguka vizuri kuachia kichwa cha risasi. Risasi ya .308 tayari inaruhusiwa kufikia msukumo wa pauni 62,000 kwa inchi ya mraba, na huna sababu ya kuiongezea. Ndiyo maana fataki bapa na bolti nzito si mambo ya kusema "nitamalizia boksi kwanza".

Wenye bunduki za .357 Magnum wanaopenda kupigia risasi za .38 Special, ambazo huingia humo pia, wanaujua ukoko huu kuliko sisi. Ganda la .38 ni fupi kuliko la .357 kwa zaidi ya milimita 3, kwa hiyo pete hujengeka nyuma ya pale ganda refu linapopaswa kufika. Siku ukirudisha .357, haiingii.

Kabla ya kushika dawa: toa magazini, chomoa bolti, tazama chemba kwa macho kisha ingiza na kidole. Risasi ziwe chumba kingine. Vaa glavu na ufungue madirisha, maana dawa hizi zina mvuke mbaya na masizi yana risasi ndani yake, namaanisha ile metali.

Weka bunduki mdomo ukiwa chini kidogo na kitako juu. Hili nililijifunza kwa hasara. Mara ya kwanza niliilaza sawasawa, nikamimina dawa chemba kwa ukarimu, nikaenda kulala. Dawa ikarudi nyuma ikaingia kwenye mtambo wa kifyatulio, ikachanganyika na mafuta ya zamani na kuwa gundi. Kifyatulio kikawa kinarudi polepole kama mzee anayeinuka kitini. Kifyatulio cha namna hiyo ni hatari hata kwa bunduki iliyo safi kila mahali pengine, na kukifungua na kukiosha kulinigharimu kuliko dawa yenyewe.

Kwa hiyo usimimine. Zungushia brashi kuukuu tambara mpaka ibane kwenye chemba, liloweshe dawa ya kuondoa kaboni, lisukume mpaka mbele kabisa, uliache. Nusu saa ndiyo kiwango changu. Kwa ukoko wa miaka nililiacha usiku kucha, kwa kuwa maelezo ya chupa yaliruhusu. Kuna dawa ambazo hazitaki hivyo, soma kwanza. Uvumilivu huu ndio kazi yenyewe. Watu wengi huloweka dakika tano halafu wanasugua saa nzima, mimi naloweka sana nisugue kidogo.

Asubuhi chukua brashi ya shaba ya chemba, ya aina ya risasi yako. Ifunge kwenye mdeki mfupi ambao kishikio chake hakizunguki. Mdeki wa kawaida wa kasiba una kishikio kinachozunguka chenyewe ili brashi ifuate mifuo, na ukiutumia hapa utakuwa unazungusha mkono wako tu huku brashi imekaa kimya. Zungusha kuelekea upande wa mshale wa saa, la sivyo brashi itajifungua na kubaki ndani. Mizunguko kumi hivi, tambara, dawa tena. Tambara langu la kwanza lilitoka na uji mweusi wenye chembechembe zinazokwaruza ukizisugua kati ya vidole. Hizo chembe ndizo pete inayovunjika.

Kwa pete yenyewe, brashi ya chemba wakati mwingine haifiki vizuri shingoni. Mimi huongezea brashi ya shaba ya kasiba kubwa zaidi: kwa .308 natumia ya .35, inabana pale pale. Ikigoma baada ya raundi mbili tatu za kuloweka, pakaza kwenye tambara dawa laini ya kusugulia, ile ya mafuta mazito yenye chembe ndogo, zungusha kwa mkono mara chache mahali pa pete tu, kisha pangusa mpaka isibaki hata alama. Usiifunge kwenye mashine ya kutobolea.

Brashi ya chuma, bisibisi na msasa vikae mbali. Mkwaruzo ndani ya chemba hauishii kwenye sura. Risasi ikilipuka, shaba ya ganda hujisukuma ndani ya mkwaruzo na kushika, na hapo ugumu wa kutoa maganda unakuwa wa kudumu. Na usidanganywe na dawa za amonia. Zinayeyusha shaba iliyobaki kwenye mifuo, si kaboni, na tambara litatoka la buluu hata kama kasiba ni safi kwa sababu zinaila brashi yako. Mwenyewe nilifukuza buluu hiyo siku mbili.

Ukimaliza, kausha chemba kabisa. Nilikuwa naacha mafuta kidogo nikidhani ni hisani. Ganda linapaswa kushika kuta za chemba wakati wa mlipuko. Kukiwa na mafuta linateleza na nguvu yote inaangukia uso wa bolti. Mafuta ya kuzuia kutu yawe membamba, ya kuhifadhia tu, na yapanguswe kabla ya kwenda kupiga.

Nyumbani jaribu kwa risasi ya mfano isiyo na baruti, si risasi hai. Bolti ifunge kwa kidole kimoja na ifunguke bila kuombwa. Yangu, siku ya kwanza uwanjani, nilipiga tano na kuyapanga maganda mezani: masizi yaliishia shingoni, mabega yalikuwa safi, na fataki zilikuwa na ukingo wake wa mviringo.

Kama umefanya yote haya na bolti bado ni nzito, acha kusugua. Huenda ni mashimo ya kutu au meno ya bolti yaliyolika, na hivyo havina dawa ya kwenye chupa. Mpelekee fundi, na umchukulie maganda matatu manne yaliyotoka kwa shida. Yangu alianza kuyasoma kabla hata hajaomba bunduki.