Hamira ya maua na tembo la mnazi

Umeuliza kama kweli maua yana hamira, na kama inaweza kuumua vitumbua. Yanayo, ndugu yangu. Kwenye nekta, maji matamu ya ua, huishi hamira za porini, hasa za kundi la Metschnikowia, na nyuki huzihamisha ua hadi ua. Ila hizo peke yake ni dhaifu: pombe ikizidi kidogo zinalegea, na Saccharomyces, ambayo ndiyo hamira ya dukani, inachukua nafasi.

Mfano mzuri uko pwani: tembo la mnazi, yaani pombe ya utomvu wa mnazi. Mgema halitoboi shina. Hulifunga shada la maua likiwa bado ndani ya karara, ganda linalolifunika, akalikata ncha kwa kotama, kisu chake cha kugemea, asubuhi na jioni, utomvu ukadondokea kibuyuni. Hakuna anayetia hamira. Zinaingia zenyewe kutoka kwenye maua, wadudu, kisu, na masalia ya tembo la jana humo kibuyuni. Ndani ya saa chache povu limepanda. Ukiliacha siku kadhaa, bakteria huligeuza siki.

Tembo hilo ndilo bibi zetu wa pwani walilotia kwenye unga wa mchele kabla hamira ya pakiti haijaenea. Tafuta la asubuhi, bado tamu na lina povu. Lililolala litautia unga ukali. Funika, ngoja mpaka uumuke na kujaa vitundu, usihesabu dakika za hamira ya pakiti. Na tafadhali usiloweke ua lolote tu unaloliona: mranaha, kwa mfano, ni sumu, na kuchacha hakuiondoi.